Mtani Aliposema Maji ni ya Moto

Baba yangu alikuwa na rafiki mmoja tu aliyeweza kumwita mwizi wa kuku mbele ya imamu, na baba akacheka mpaka akakohoa. Mzee yule alikuwa Mnyamwezi, mstaafu wa reli, mwenye nyumba yake Temeke. Sie ni Wazaramo. Asiyejua mambo ya utani angedhani ni wendawazimu wawili wamekutana, lakini wenyewe tunajua: tangu enzi za misafara ya kwenda bara, mababu wa makabila haya mawili walikubaliana kutukanana, kunyang'anyana vitu na kuzikana, bila mtu kununa. Anayenuna ndiye aliyekosa adabu.

Alikuwa akija kwetu kila alipopata nafasi. Basi lilimshusha barabarani, kisha akashuka kwa miguu kuelekea pwani, maana kijiji chetu kilikuwa kati ya Kawe na Kunduchi, nyuma ya minazi. Hajafika uani, tayari unamsikia.

"Hodi! Wenyewe wamo, au wamepeleka njaa yao ngomani?"

"Tumo," baba anajibu kutoka ndani. "Ila leo hatuna mzigo wa kukubebesha. Rudi kwenu."

"Nirudi wapi, na wewe umejenga kwenye shamba la babu yangu?"

"Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu begani, akaomba maji, akapewa. Ndilo shamba hilo?"

Hapo wanakumbatiana. Baba alikuwa na kicheko ambacho, sisemi uongo, kikitoka vizuri kunguru wote wa Kawe waliruka wakaenda kutua Zanzibar, na kule wenyeji wakaulizana kuna nini bara. Mtani wake naye alicheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, machozi yanatiririka, na anayemwona kwa mbali angedhani amepokea habari za msiba.

Katika kuja na kuondoka huko, kijana wake, fundi wa karakana ya reli, akamwona dada yangu. Dada alikuwa amekataa wachumba mpaka mama akaanza kuulizia waganga. Alikataa mwalimu, akakataa karani wa ushirika, akakataa mwenye duka ambaye kitambi chake peke yake kingelisha kata nzima. Huyu wa reli alimkubali hata hajamaliza kujieleza. Baba na mtani wake waliposikia, walifurahi kuliko wenye mapenzi yao. Walianza kugombea wajukuu ambao hata hawajatungwa: huyu anasema watafundishwa kuvua, yule anasema watafundishwa kuzaliwa na akili. Ikawekwa siku ya kuja kuposa rasmi.

Sasa niseme tulikuwa tunakula nini na tunaishi kwa nini, maana ndimo jambo lilimotokea.

Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa, na shamba letu la ujamaa lilikuwa la mihogo, na mihogo ile nguruwe mwitu waliiheshimu kuliko sie, maana wao hawakukosa kazini hata siku moja. Ikaamuliwa tuanzishe kikundi cha chokaa. Wakati huo kila mtu alihimizwa kujenga nyumba bora, ukuta upakwe, mbu na kunguni wakose pa kujificha. Na shule zilikuwa zikijengwa, na zahanati, na ofisi za kata, Magomeni, Kinondoni, Temeke kote. Zote zilitaka chokaa. Na chokaa yetu ilikuwa baharini, tena bure, imelala mwambani tangu Mungu aumbe.

Baba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. Bamvua ikivuta maji mbali, tulikwenda wanaume na mitaimbo, wanawake na makarai, tunaingia maji ya magotini mpaka kwenye mwamba. Tunachomeka mtaimbo chini ya tumbawe, tunakaza, tunaimba, linang'oka. Mengine yalikuwa makubwa kama jiko la harusi, mengine kama vichwa vya ng'ombe, na yote yalikuwa hai, yanateleza, yana rangi ambazo mie sijaziona tena isipokuwa kwenye khanga mpya. Ukiyatoa juani yananuka, rangi inakimbia, na kesho yake ni jiwe. Tunayapanga kwenye tanuri juu ya magogo, tunachoma, yakishaiva tunayamwagia maji, yanapasuka yenyewe kwa kishindo na kuwa unga mweupe. Tulikuwa weupe wote, nyusi mpaka vidole vya miguu. Mie nilikuwa nimeanza kisomo cha jioni, na kila neno jipya nililojifunza nililipeleka tanurini kama mtu aliyenunua saa: sina haja ya kuangalia wakati, nataka tu waione.

Kulikuwa pia na vijana wa baruti. Walikuwa na ndugu zao kwenye machimbo ya mawe, na baruti ilijua njia ya kutoka kule mpaka kwenye mitumbwi. Kishindo chake unakipata kifuani kwanza, masikio yanafuata. Kisha samaki wanaelea, matumbo juu, wadogo kwa wakubwa, na wengi zaidi wanazama wasiokotwe. Mjumbe wa nyumba kumi aliwakemea kila mkutano, na jioni alikula samaki wao. Baba hakuwakemea tu, aliwachukia. Aliwaita wezi wa watoto ambao hawajazaliwa. Mtani wake akamwuliza siku moja, amekaa juu ya gunia letu la chokaa:

"Na nyie mnaong'oa na mitaimbo, mnaiba cha nani?"

"Sie tunajenga taifa."

"Aa. Kumbe wao wanavunja kwa kishindo, nyie mnavunja kwa wimbo."

Baba akacheka, kunguru wakaruka.

Baada ya muda mwamba ukabadilika. Sehemu tulizong'oa na zile za baruti zilibaki kifusi, na juu ya kifusi kikaota kitu kama manyoya, cha kijivu na kahawia, kinateleza kama ute. Tukisukuma mguu kinatoka kinaelea. Samaki wadogo walikuja kukitafunatafuna kutwa nzima kama mbuzi uwanjani. Tulifurahi tukasema, tazama, samaki wanarudi. Na kweli, nyuma yao wakaja wachache wakubwa, chewa wenye midomo ya wazee wasiolipa kodi, wakawa wanajificha katika mapango yaliyobaki.

Basi siku ya posa, baba akataka samaki ambaye Temeke nzima ingemsikia. Mama akakataa katakata samaki wa baruti. Mama alikuwa anamjua samaki wa baruti kwa kidole: unambonyeza mgongo, nyama inazama kama unga wa maji, na kwenye mfupa kuna damu imevilia. Akaagiza kwa jirani yetu, mzee wa mshipi, mtu wa ndoana na subira. Yule mzee akaleta chewa. Mie nasema alikuwa na urefu wa mlango. Mama, mwenye kupunguza, alisema wa dirisha. Basi chagua utakalo, lakini wanaume wawili walimbeba kwa mti.

Mama akamkagua kama anamposa yeye. Jicho angavu. Matamvua mekundu. Nyama imekaza, ukibonyeza inarudi. Akaweka kipande chake chini ya mnazi aone kama chungu, wale sisimizi, watakikimbia, maana kwetu husemwa samaki mwenye sumu, kama bunju, chungu hawamgusi. Chungu wakaja mstari mzima, wakamshangilia. Akampa paka kipande cha mkiani. Paka akala, akajilamba, akaomba kingine. Mama akasema, "Samaki safi huyu, anafaa kuliwa na mkwe." Na hapo hakuna aliyekosea kwa uzembe, nataka hilo lieleweke. Alifanya yote aliyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake.

Wageni wakafika mchana baada ya swala ya adhuhuri: mtani, mkewe, kijana mwenyewe amevaa shati la mikono mirefu na jasho la mikono mirefu, na mshenga wao. Kabla ya salamu baba akaziba njia kwa fimbo.

"Hapa hapiti Mnyamwezi mpaka atue mzigo."

"Mzigo wangu ni huu," mtani akamsukuma mwanawe mbele. "Nimechoka kuubeba. Unakula sana."

Mkewe akasema, "Tupisheni, miguu inatuuma, Wazaramo mnasimama mlangoni kama mnauza maandazi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Dada alikuwa chumbani, lakini pazia lilikuwa linapumua; kila kijana alipozungumza, pazia lilivuta hewa.

Chakula kikaletwa kwenye sinia. Wali wa nazi, na chewa amepikwa mchuzi mzito. Kwetu kichwa cha samaki mkubwa hakigawanywi. Ni cha mgeni wa heshima. Na ini lake, laini kama siagi, linawekwa pembeni ya kichwa, hupewa huyohuyo. Baba alikishika kichwa kwa mikono miwili akakiweka mbele ya mtani wake.

"Kula, mkwe."

"Umeniita nani?"

"Mkwe."

"Haya mambo yameanza," mtani akasema, sauti ikawa ndogo. Kisha akajirudi. "Nisije nikala mwenyewe ukasema nina uroho." Akamega nyama ya shavu, akampa baba mdomoni. Baba akala. Sisi wengine tulikula mgongo na mkia. Mtani alikula kichwa kwa ufundi usio wa mtu wa bara. Alivunja, akanyonya, akamaliza macho, akamaliza ini, akapangusa mchuzi kwa wali. Mama alikuwa anamtazama kwa mlango wa jikoni kwa furaha ambayo, mpaka leo, siwezi kuifikiria.

Posa ikazungumzwa. Mambo yalikwenda kama mtumbwi uliopakwa mafuta. Mshenga hakuwa na kazi, alikunywa chai tu. Tukahamia barazani. Na hapo, jua limeanza kupinda, mtani akajipapasa midomo.

"Mzaramo, umenitilia nini? Midomo yangu inacheza ngoma."

"Ni mizimu ya kwetu," baba akasema. "Inamjua mgeni."

Tukacheka. Akajipiga midomo kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Ganzi. Mdomo wote una ganzi. Na meno. Meno yangu yanataka kung'oka."

"Yamechoka kazi. Kwenu yalizoea kulala."

Tukacheka tena. Mkewe alisema, "Mwacheni, kila akishiba anatafuta maneno." Mtani mwenyewe alikuwa anacheka, mabega yanapanda na kushuka, machozi yapo. Ndivyo alivyocheka siku zote. Ungejuaje?

Akaomba maji. Dada ndiye aliyeletwa kumpa, uso chini, amefunika kichwa kwa khanga, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kijana alimwona siku ile. Aliyachota kwenye mtungi wa jikoni, ule unaokaa kivulini kwenye mchanga, maji yake yanauma meno kwa ubaridi. Mtani akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akaitupa chini kata ya kuchotea.

"Ya moto! Maji ya moto haya!"

Loo, tulivyocheka. Nimeona watu wakicheka kwenye sinema, nimeona kwenye harusi, lakini kicheko kile nadhani kilifika Ubungo. Mshenga alijishika tumbo. Baba alijilaza chini kabisa kwenye mkeka akipiga sakafu kwa kiganja. Mzee amenyweshwa maji na binti anayemposea mwanawe, maji ya baridi kama kaburi, anasema amechomwa! Ulikuwa utani wa daraja la juu. Hata kijana wake alicheka, akamwambia, "Baba, muonee huruma, bado hajazoea." Dada naye, nyuma ya khanga, nilimsikia.

"Nawaambia ni ya moto," mtani akasema. "Nimeungua."

"Tumletee zimamoto," baba akasema kutoka chini.

"Mtani."

"Naam, mkwe."

"Mtani, sitanii."

Na hilo nalo lilikuwa neno la utani. Walikuwa wakiambizana "sitanii" tangu nikiwa mtoto, ndilo neno lililotangulia uongo mkubwa kuliko wote. Baba akajibu, "Nami sitanii, utalipa kata yangu." Tukaendelea. Mzee alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akakaa kama gunia lililowekwa vibaya, na kuna mtu, sisemi nani kwa sababu tulikuwa wengi, alipiga makofi.

Aliyeacha kucheka kwanza alikuwa mkewe. Aliona mate yanamtoka bila yeye kuyajua. Akasema jina la mumewe, jina lake halisi, ambalo wake wa zamani hawalitamki mbele za watu. Baba akainuka kutoka mkekani.

Mtani alitapika. Kisha alitapika tena. Mikono ilikuwa ya baridi na yeye anasema inawaka. Tukamfuta kwa kitambaa cha maji, akapiga kelele. Mama akaleta maziwa, akaleta ndimu, akaleta mkaa wa kusaga. Kila kimoja kilirudi. Lori la kikundi lilikuwa tanurini limepakiwa magunia ya chokaa ya kupeleka mjini. Hatukuwa na gari jingine. Tukamlaza juu ya magunia, tukamtandikia mikeka, baba akakaa akampakata kichwa, kijana upande wa miguu, mie nimeshika ubavu. Kila lori lilipoingia shimoni, vumbi la chokaa lilipanda. Lilimkalia usoni, kwenye nyusi, kwenye mdomo ulio wazi. Baba alikuwa anampangusa na kumpangusa.

"Acha kucheka," mtani akamwambia. Ulimi wake ulikuwa mzito sana.

"Sicheki, ndugu yangu."

"Unacheka. Nakuona."

Baba hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye ule weupe, na kwa aliyelala chini akimtazama, na jua nyuma, pengine sura ile ilifanana na kicheko. Sijui. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema yakaeleweka.

Hospitali kubwa ya mjini, daktari wa zamu alimtazama macho akauliza, "Amekunywa nini? Gongo ya wapi?"

"Baba yangu hanywi," kijana akasema.

"Wote husema hivyo."

"Hanywi! Ni samaki. Amekula samaki."

"Na nyie mmekula?"

"Tumekula."

"Mbona mmesimama?"

Baba alijaribu kueleza kuhusu kichwa, kwamba kichwa ni cha mgeni, lakini meno yake yalikuwa yamekaza, na alikuwa anashika ukuta. Sikuelewa kwamba naye ameanza. Daktari alimtundikia mtani maji, akamsikiliza moyo, akasema unakwenda polepole mno, akaita wenzake. Tulikaa nje kwenye benchi, weupe kama mizimu, watu wanatukwepa. Kijana alikaa mwisho wa benchi. Baba alimwambia, "Mwanangu." Kijana akasema, bila kugeuka:

"Alituambia. Alituambia mara ngapi?"

"Mwanangu, mie nilidhani..."

"Hata mie, mzee. Hata mie nilicheka."

Alfajiri wakatuambia.

Kijijini zilitoka sababu nyingi kuliko samaki. Wengine walisema gongo. Wengine wakasema mchumba aliyekataliwa, yule mwenye duka, ametuma kitu kwenye mtungi, mtungi ukavunjwa. Mzee wa mshipi aliapa mbele ya msikiti kwamba hakuwahi kuua mtu, akaacha kuvua, akawa anashona makuti. Mama alikaa jikoni akimtazama paka. Paka alikuwa mzima kabisa. Mie midomo iliniwasha siku kadhaa, na nilipooga nilihisi maji ya kisima yananichoma kama mvuke. Baba alizidi. Wiki nyingi kila akitawadha, nilimwona anavyokaza taya kabla ya kutia mikono kwenye birika. Hakumwambia mtu. Aliosha mikono, uso, miguu, yote, kwa maji yaliyomuunguza, kisha akaenda kusali.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwishahitimu masomo yangu ya jioni na kuanza kutembea kama mtu aliyezaliwa na kalamu sikioni, alikuja kijijini bwana samaki wa serikali kutufundisha. Akasema mwamba ukivunjwa, ukafa, juu yake huota majani ya ute, na katika ute ule huishi vijidudu vyenye sumu. Samaki wadogo hula ute, wakubwa hula wadogo, sumu inajikusanya, na inakaa zaidi kichwani na kwenye ini. Haina harufu. Moto hauiondoi, ndimu haiiondoi. Akasema pengine ndivyo, hawezi kuapa kwa samaki ambaye hakumwona. Mtu akamwuliza kuhusu chungu na paka. Akasema chungu hajui lolote, na paka inategemea kapewa kipande gani.

Mie nikamwuliza jambo moja tu: mtu akiwahishwa mapema?

"Ingesaidia kumwangalia moyo na pumzi," akasema. "Mapema kiasi gani?"

Nikasema nauliza tu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ilikuwa ya kuzika, na baba alikuwa mtani. Mtani haendi mazikoni kulia kama wengine. Mtani huenda kuzuia jeneza, kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake, kuwatukana wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi. Ndiyo kazi yake, na bila yeye msiba hautuliki. Baba alijua kwamba, akipokelewa kama mtani, akatukanwa, akaburuzwa mchangani, basi nyumba zile mbili bado ni moja, na dada ataolewa muda ukipita. Alivyokuwa amepauka, na miguu haina nguvu, njia nzima kuelekea Temeke alikuwa anatayarisha matusi. Nilimsikia akiyanong'ona. Lililokuwa zuri zaidi lilikuwa hili: kwamba Mnyamwezi huyu amekufa makusudi, akwepe mahari.

Tulipofika, utani ulikuwa umepamba moto. Mama mmoja wa Kizaramo, jirani wa pale, amevaa kofia ya reli ya marehemu, anatembea kama yeye, kifua mbele, anapuliza filimbi ya kubuni na kuwafukuza watu wasipande treni bila tiketi. Wafiwa walikuwa wanalia na kucheka. Watoto wa marehemu walimtupia maji ya kuoshea vyombo, naye akawaita wabeba mizigo wasio na shukrani. Msiba ulikuwa unakwenda vizuri.

Baba akapita mlangoni. Yule mama akavua kofia.

Nyua za Temeke hazinyamazi. Kuna kuku, kuna redio ya jirani, kuna mtoto anapigwa mahali. Mie nawaambia hata kuku alinyamaza. Baba alisimama katikati, mikono imelegea, anangoja. Angetukanwa na mtu yeyote. Angerushiwa mchanga. Kijana akatoka ndani, macho mekundu, akamsogelea, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Baba hakuitika. Alingoja tusi, akapewa heshima ya mgeni.

"Shikamoo," kijana akarudia, kwa adabu kubwa. "Pole na safari. Karibu."

"Wee," baba akasema, akajikohoza. Akapaza sauti, watu wote wasikie. "Wee, mwana wa mbeba mizigo! Baba yako amekufa makusudi! Amekimbia mahari yangu!"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekasirika pia, na hilo ndilo lililomvunja. Mzee mmoja wa Kinyamwezi alisema polepole kutoka mkekani, "Ni kweli, mzee wetu. Tunakushukuru kwa kuja." Mjane, ndani, akatuma neno kwa binti mdogo: mama anasema asante sana, Mungu akulipeni. Binti akalitamka vizuri, kama neno alilofundishwa shuleni.

Kisha wakaleta kiti.

Watu wote wa pale, wakubwa kwa wadogo, imamu pamoja nao, walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Wakaleta kiti kutoka sebuleni, wakakipangusa vumbi kwa khanga, wakakiweka kivulini, peke yake. Baba akakaa. Alikaa pale mpaka tukaondoka kwenda makaburini, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kila anayepita anamwamkia. Mie nilikaa chini karibu na miguu yake na hakuna aliyetusemesha zaidi ya heshima.

Tulirudi jioni. Mama alikuwa amelala. Dada ndiye aliyetupokea, akamvua baba viatu, akanifuata mie nyuma ya nyumba.

"Walimtukana?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata mama yake?"

"Walimshukuru."

Mkononi alikuwa na khanga mpya walizomletea wageni siku ya posa, alikuwa anazianika au anazianua, sikumbuki.

"Mlikaa wapi?"

"Mie chini. Baba walimpa kiti."

"Kiti gani?"

"Cha sebuleni. Cha mbao, chenye mgongo."

Dada akazikunja zile khanga, pembe kwa pembe, taratibu sana, kama mtu anayefungasha cha mwenyewe arudishiwe, akaingia ndani kuziweka.